Herufi Kubwa, Herufi Ndogo

Barua ya kuitwa chuo ina herufi za aina mbili. Juu kabisa, chini ya nembo, kuna jina la chuo kikuu kwa herufi kubwa. Hilo ndilo jina ambalo mama alilisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni kwetu Majengo, hapa Nyeri, mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini. Halafu kule chini, aya ya tatu, kwa herufi ndogo, kuna jina la kampasi. Hilo hakuna aliyelisoma. Mimi mwenyewe nililiona siku nne kabla ya kuripoti, nikitafuta namba ya akaunti ya benki.

Chuo chenyewe sikitaji. Nitasema tu kwamba nilidhani nimechagua Nairobi, kumbe nimechagua mji mwingine kabisa, saa tano kwa matatu kutoka nyumbani. Na kozi niliichagua kwa sababu alama zangu zilitosha na jina lake lilikuwa refu. Nilimaliza mihula mitatu. Wa nne sikurudi. Baba alikuwa ameuza pikipiki kulipa kodi ya chumba changu, na sikuwa na uso wa kumwambia auze kitu kingine ili niendelee kusoma hesabu ambazo hata sikujua zinahesabu nini.

Kabla ya kuondoka, nilikwenda kumwaga kaka yake bibi, ambaye sote tunamwita Babu. Babu ni wakili mstaafu, mtu wa kanzu safi na redio ndogo. Alishika ile barua, akairuka sehemu ya juu yote, akateremsha kidole mpaka aya ya tatu. Akauliza, "Mjukuu wangu, hapa ndipo utakapokaa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Umepaona?"

"Bado, Babu."

Akanirudishia barua, akanipa elfu moja na dua. Hakusema zaidi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lile swali lilikuwa limetoka mbali, kutoka mwaka 1966, wakati yeye mwenyewe alipokuwa na fomu mezani na vyuo vitatu vya kuchagua ndani ya chuo kikuu kimoja.

Ndiyo, kimoja. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kukusimulia, kwa sababu shuleni hatukuambiwa.

Chuo kikuu kimoja, miji mitatu

Kati ya 1963 na 1970, Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwa na vyuo vikuu vitatu. Zilikuwa na kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilizinduliwa Nairobi Juni 1963, miezi michache kabla Kenya haijapata uhuru, na chansela wake wa kwanza alikuwa Julius Nyerere. Ndani yake mlikuwa na vyuo vitatu: Makerere kule Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Ulisoma katika kimoja, lakini shahada uliyopewa ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima.

Ukisikia chuo kikuu chenye vyuo ndani yake, labda unawaza Oxford au Cambridge. Kule kila upande una vyuo zaidi ya 30, na mwanafunzi anachagua chuo kama mtu anayechagua nyumba ya kupanga: kipi kina bustani, kipi kina chakula kizuri, kipi kiliwahi kusomesha mawaziri. Lakini wawili wanaosoma sheria katika vyuo viwili tofauti vya Oxford hufanya mtihani uleule na hupewa shahada ileile. Chuo kinaamua utalala wapi, utakula na nani na nani atakufundisha ana kwa ana. Somo hulikosi.

Huku kwetu mambo yalikuwa kinyume. Vyuo vilikuwa vitatu tu, na masomo ya gharama yaligawanywa ili nchi tatu maskini zisijenge kitu kimoja mara tatu. Daktari alitoka Makerere, ambako udaktari ulikuwa ukifundishwa tangu miaka ya 1920 karibu na hospitali ya Mulago. Ukitaka uhandisi, au usanifu wa majengo, ulikuja Nairobi. Udaktari wa mifugo nao ulihamishwa kutoka Makerere ukaletwa Kabete mwaka 1962. Na sheria ilikuwa Dar es Salaam pekee.

Kwa hiyo kijana wa Nyeri aliyetaka kuwa daktari alifunga sanduku, akapanda gari la moshi, akavuka mpaka. Kijana wa Mbeya aliyetaka kujenga madaraja alikuja Nairobi. Kuchagua somo kulikuwa kuchagua mji, na kuchagua mji kulikuwa kuchagua watu utakaokula nao miaka mitatu.

Mahakama ya Nyeri

Babu alizaliwa Majengo mwaka 1946. Kama hujawahi kufika, Majengo yetu ni kama Majengo nyingine nyingi za Kenya. Ni mtaa wa mabati na msikiti, wa watu ambao babu zao walikuwa wapagazi, askari na wachuuzi, wakaoana na wenyeji na kubaki hapohapo. Mlima mzima unaongea Kikuyu. Sisi tunaongea Kiswahili mpaka ndotoni.

Mwaka 1956 alikuwa na miaka 10. Oktoba mwaka huo Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri. Novemba akashtakiwa papa hapa mjini, mbele ya Jaji Mkuu wa koloni, Kenneth O'Connor, na wazee watatu Waafrika wa kumshauri jaji. Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Anachokumbuka Babu kuhusu kesi hiyo ni kidogo: malori ya askari, na mama yake akimvuta mkono wapite njia nyingine. Lakini anakumbuka baba yake akiuliza jioni, bila kumlenga mtu, "Kwani hakuna mtu mweusi wa kusimama pale?"

Hakukuwa na wengi. Serikali ya kikoloni haikupenda kusomesha Waafrika sheria. Mwalimu sawa, karani sawa, daktari msaidizi sawa. Wakili ni mtu wa kubishana na serikali kwa lugha ya serikali yenyewe, na hilo waliliogopa. Aliyetaka sheria ilibidi ajitafutie njia ya kwenda London au India. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning wa Uingereza ndiyo iliyopendekeza, mwaka 1961, sheria ifundishwe hapa Afrika Mashariki.

Mwaka huohuo, Oktoba, chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na somo moja tu, sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa waziri wa sheria wa Tanzania. Wakahamia kilimani, pale wanapopaita Mlimani hadi leo, mwaka 1964.

Kwa hiyo Babu alipofika kidato cha sita na kuulizwa anataka nini, jibu lilikuwa tayari. Tatizo lilikuwa chuo.

Jina la Makerere

Lazima uelewe Makerere ilikuwa nini hapa mlimani. Mwai Kibaki, kijana wa Othaya, alikuwa amekwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, akasoma uchumi, akatoka na daraja la kwanza, akarudi kufundisha hapohapo. Nyerere alikuwa amepita Makerere. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi huko mwaka 1962, wakati waandishi wa bara zima walipokutana pale kwa mkutano mkubwa. Mzazi wa Nyeri akisema "mwanangu yuko Makerere," hakuhitaji kuongeza neno. Ilikuwa kama kusema mwanangu amekwisha fika.

Dar? Dar ilikuwa na miaka mitano. Tena Oktoba 1966, wakati Babu akijiandaa kwa mtihani wa mwisho, wanafunzi wa Dar waliandamana kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, halafu akawafukuza karibu 400. Habari ilifika Nyeri kwa gazeti na redio. Baba yake Babu alisema hapeleki mtoto mahali ambapo rais mwenyewe anafukuza wanafunzi. Akamwambia aandike Makerere kwanza, asome chochote. "Chochote cha Makerere ni kikubwa kuliko sheria ya Dar."

Nilipomsikia Babu akisimulia hayo nilinyamaza, kwa sababu ndicho nilichokifanya mimi. Nilichagua chochote cha jina kubwa.

Yeye hakumtii baba yake. Aliandika Dar kwanza, na hakusema kitu mpaka barua ilipofika. Namuuliza kama aliogopa. Anasema aliogopa sana, lakini hesabu yake ilikuwa nyepesi: Makerere hakuna darasa la sheria. Ningefika, ningelala, ningekula, na darasa nililolitaka lingekuwa mji mwingine.

Akapanda basi kupitia Namanga na Arusha, Julai 1967.

Mlimani

Kituko cha kwanza kilikuwa lugha. Wakenya wenzake wengi Kiswahili kiliwapiga chenga, yeye akajiona bingwa, mtoto wa Majengo. Siku ya pili akaenda dukani kuagiza kitu, mwenye duka akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Karibu, ndugu. Naona umetoka bara." Hadithi hiyo huisimulia kila Idi, na kila Idi anacheka peke yake kabla hajamaliza.

Cha pili kilikuwa darasa lenyewe. Mganda, Mtanzania na Mkenya benchi moja, wakifundishwa sheria za nchi zote tatu. Babu alijifunza jinsi Tanzania ilivyofuta umiliki binafsi wa ardhi huku nyuma kwao Nyeri watu wakipewa hati za mashamba. Hakulazimika kukubali upande mmoja. Alilazimika kujua kwamba kuna upande mwingine, na kwamba jambo ambalo kwao linaonekana kama amri ya Mungu, ng'ambo ya Namanga ni uamuzi tu wa bunge.

Cha tatu kilikuwa nyakati. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 akiwa bado Dar. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi pale tangu 1967, akiongoza kundi la wanafunzi wa mapinduzi. Issa Shivji alikuwa darasa la sheria. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, naye alisoma sheria hapo. Mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida walilolipa jina Cheche, na mwaka uliofuata likapigwa marufuku.

Babu si mtu wa mapinduzi. Alikwenda kusikiliza mihadhara ya usiku kwa sababu chumbani kulikuwa na joto. Lakini anasema kwa miaka mitatu hakuna siku aliyolala bila mtu kumpinga jambo, na hiyo ndiyo ilikuwa shule. Angekwenda Kampala angekutana na mengine, mazuri pia, sherehe na hosteli zenye nyimbo zake. Angekuwa mtu mwingine. Chuo kilekile kwenye cheti, mtu mwingine.

Cheti cha chuo kilichokufa

Babu ana shahada yake kwenye fremu, sebuleni, karibu na picha ya Makka. Imeandikwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1970. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni chuo fulani cha siku hizi chenye jina linalofanana. Kumbe chuo kile kilivunjwa Julai 1970, miezi michache baada ya Babu kumaliza. Kikawa vyuo vikuu vitatu: Nairobi, Makerere, Dar es Salaam. Ofisi iliyotia saini cheti chake ilifungwa kabla wino haujazeeka.

Kwa nini kilivunjika? Kwa sababu ya ule mgao wenyewe. Kila serikali ilitaka madaktari wake, wahandisi wake, mawakili wake, na haikutaka kuomba nafasi kwa jirani. Nairobi ilianzisha udaktari mwaka 1967, wakati chuo kikuu bado ni kimoja, na sheria mwaka 1970. Dar ilianza uhandisi 1973. Vyuo vilivyokuwa vinategemeana vikaanza kufanana. Miaka saba baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikafa.

Hesabu ya serikali naielewa. Nchi yenye madaktari wachache haiwezi kungoja nafasi Kampala. Lakini nikiangalia picha ya darasa la Babu, vijana wa nchi tatu na mashati meupe, naona kitu ambacho mimi na wenzangu hatukupewa. Mimi nilipofika kampasi yangu, nusu ya darasa ilikuwa ya kaunti mbili.

Ukoo wa vyuo

Nilipoacha chuo nilirudi Majengo na aibu yangu, nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa maneno. Siku moja nikaombwa kuandika kuhusu vyuo vya Mlima Kenya. Nilipochimba, nilipata kitu kilichonifanya nijicheke.

Kilomita chache kutoka kwetu, barabara ya Mweiga, kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Tulikua tukikiita "kwa mafundi." Kilianza kwa harambee ya watu wa Nyeri mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikiwa taasisi ya ufundi. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Juja. Maana yake ulikaa Nyeri, ukasoma Nyeri, ukanyeshewa Nyeri, lakini mwenye kutoa shahada alikuwa Juja. Desemba 2012 kikapewa hati ya kujitegemea, na aliyeitoa ni Rais Kibaki, yule kijana wa Othaya.

Sasa fuatilia ukoo. Kimathi ni mtoto wa Jomo Kenyatta. Jomo Kenyatta yenyewe ilianza 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta 1988, ikajitegemea 1994. Kenyatta ilikuwa chuo kishiriki cha Nairobi tangu 1970, ikajitegemea 1985. Nairobi ilikuwa chuo ndani ya Afrika Mashariki. Na kabla ya hapo, Nairobi na Makerere zote zilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Ile digrii ya daraja la kwanza ya Kibaki, fahari ya mlima mzima, alisomea Kampala lakini mwenye kuitoa alikuwa London.

Zungusha macho uone majirani. Chuka ililelewa na Egerton, Karatina na Moi, Embu na Nairobi. Meru, Kirinyaga na Murang'a zote zililelewa na Jomo Kenyatta. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa kikitembea.

Na hilo neno "mafundi"? Makerere ilifunguliwa 1922 na wanafunzi 14 wakisoma useremala, ujenzi na umakanika. Nairobi ilipopokea wanafunzi 1956 iliitwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Vyuo vyote viwili tulivyovipigia magoti vilianzia kwenye randa na nyundo. Sisi tuliokuwa tunamcheka fundi wa barabara ya Mweiga tulikuwa tunacheka picha ya babu yake Makerere.

Anayeamua

Kuna jambo moja Babu hakuwa nalo, sisi tunalo: kompyuta inayokupanga. Siku hizi unaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, taasisi iliyoanzishwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012, unapanga kozi kwa namba, na mashine inalinganisha alama zako na za wengine. Inaonekana kama chaguo ni kubwa, kozi mamia, vyuo makumi. Lakini angalia watu wanavyojaza pale saiba. Wanaanza na jina la chuo, halafu wanatafuta kozi yoyote inayowakubali ndani yake. Kampasi haisomwi kabisa.

Na kampasi ndiyo maisha. Chukua Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1985 kiligawanywa kuwa vyuo sita, kila kimoja na mkuu wake. Kilimo na mifugo walikaa Kabete, sayansi Chiromo, ualimu Kikuyu, udaktari pale Hospitali ya Kenyatta. Wawili wenye kitambulisho kimoja wangeweza kumaliza miaka minne bila kuonana. Mwaka 2021 baraza la chuo likaamua kuondoa ngazi ya vyuo hivyo na wakuu wake, vikabaki vitivo, na mabishano yakawa makubwa. Lakini mwanafunzi wa mifugo aliendelea kuamkia Kabete. Majina ya ofisi yanabadilika, ng'ombe wako palepale.

Kisha kuna pesa. Miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kozi yoyote. Tangu 2023 mfumo ulibadilishwa: kila kozi ina gharama yake, na familia inapimwa uwezo wake. Kesi zimekwenda mahakamani, lakini kijana anayejaza fomu leo hawezi kungoja hukumu. Ada, kodi ya chumba, nauli ya kurudi nyumbani: vyote vinakaa katika ile aya ya tatu ya herufi ndogo.

Sisemi kila mtu asome karibu na kwao. Babu alikwenda mbali kuliko mimi, siku nzima na usiku kwenye basi, na ndiko alikofaidika. Tofauti ni kwamba alijua anafuata darasa gani. Mimi nilifuata kibao cha langoni, na kibao chenyewe kilikuwa mji mwingine.

Fomu ya mdogo wangu

Naandika haya kwa sababu mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha nne. Ana alama nzuri kunishinda. Anapenda mashine, huwezi kumwachia redio ikabaki na skurubu zote. Wiki iliyopita alinionyesha orodha yake kwenye simu. Chaguo la kwanza lilikuwa chuo kikubwa cha mbali, kozi ya biashara. La pili, chuo hichohicho, kozi nyingine ambayo hakuweza kunieleza ni ya nini. Uhandisi wa Kimathi ulikuwa wa nne.

Nikamuuliza kwa nini wa nne.

"Wasee watasema nimebaki ocha," akasema. "Ati nimeshindwa kutoka Nyeri."

Sikumjibu. Mimi nilitoka Nyeri, na wasee walewale walinipokea stendi siku niliporudi na godoro. Nilimchukua nikampeleka kwa Babu. Nilitaka mzee amhutubie, amwambie kuhusu Dar na Kimathi na London. Babu akapunguza redio, akaishika simu mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akasoma orodha polepole. Halafu akamuuliza swali lilelile.

"Hapa namba moja, ndipo utakapokaa?"

"Ndiyo, Babu."

"Umepaona?"

Mdogo wangu akaniangalia mimi. Nikaangalia ukutani, kwenye ile fremu.

Jumatatu tulipanda matatu ya Mweiga, sisi wawili. Langoni askari alituuliza tunamtafuta nani, tukasema hatumtafuti mtu, tunataka kuona tu. Akatupeleka kwa mama mmoja wa ofisini, naye akatupitisha hadi karakana. Kulikuwa na mashine ya kuchonga chuma imefunguliwa tumbo, wanafunzi watatu wameizunguka na mikono myeusi ya grisi, wakibishana kwa Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo kuhusu gia gani imekatika. Mdogo wangu alisimama mlangoni dakika kama kumi. Halafu akauliza kitu sikukielewa, mmoja wao akamjibu bila kugeuka, akasogea kando kumpisha aone.

Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, nikiangalia mashamba ya kahawa. Nikapiga hesabu ya nauli ya kila siku kutoka Majengo, na ya pikipiki ambayo baba hajanunua tena. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye kidole na hakusema kitu mpaka tukafika stendi.

"Ile ya mbali," akaanza, "kuna mtu tunamjua anayesoma kule? Nataka kumuuliza kama wana karakana."

Nikamwambia tutatafuta. Tovuti inafungwa Ijumaa. Bado hajabadilisha orodha, lakini jana usiku nilimsikia chumbani akimpigia simu mtu asiyemjua, akimuuliza darasa linakaa wapi.